Mgeni tunamchunga, rafiki tunamfungulia mlango

Watu wa Malampaka wamezoea wageni. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, hupita hapo katika wilaya ya Maswa, na kwa miaka mingi garimoshi limekuwa likishusha watu wasiojulikana: mnunuzi wa pamba, mfanyabiashara wa mchele, fundi, mtumishi aliyehamishwa. Mgeni akishuka, mji hujua. Wenye vibanda humtazama, watoto huitwa ndani, na kabla ya adhana ya magharibi imekwisha kufahamika amefikia kwa nani na amekuja kwa shughuli gani.

Simu zilipoingia majumbani mwetu, tulihamishia humo ulinzi uleule. Tukawaambia watoto: msizungumze na msiyemjua, msimpe namba msiyemjua, msimtumie picha msiyemjua. Maneno hayo ni sahihi na yaendelee kusemwa. Lakini kwa yale tuliyoyasikia kwa wazazi wa Malampaka, Bariadi na kwingineko mkoani Simiyu, tumeona kwamba ulinzi huo umeelekezwa upande mmoja tu wa nyumba. Mara nyingi anayemwomba mtoto picha ya kwanza si mtu wa mbali. Ni rafiki yake, yule anayekula naye, anayefuatana naye shuleni, na ambaye mama mwenyewe humkaribisha kwa jina.

Mama mmoja, mkazi wa huko, ametuachia tusimulie yaliyompata binti yake, nasi tumebadilisha mambo ambayo yangemtambulisha. Binti ana miaka 15 na yupo kidato cha pili. Hana simu. Mama anayo moja ya vitufe, ile iitwayo kitochi, ambayo haiwezi kupokea hata picha. Kwa sababu hiyo mama aliamini kwamba habari za mitandao zinahusu nyumba za wengine.

Binti huyo na rafiki zake watatu, wote wa shule moja na madrasa moja, walianzisha kundi la WhatsApp wakati wa likizo ya Desemba. Wawili walikuwa na simu zao, na wawili walitumia simu za watu wa nyumbani. Binti wa kisa hiki alitumia simu ya rafiki yake wa karibu, ambayo nayo ilikuwa ya kaka wa rafiki huyo. Wakaanzisha mchezo. Kila jioni mmoja hutoa agizo, na wengine hulitekeleza. Agizo la kwanza lilikuwa kupiga picha ya mdogo wako akiwa amelala. La pili, kurekodi sauti ukimwigiza mwalimu wa hisabati. Walicheka sana. Baada ya siku kadhaa likaja agizo la kupiga picha bila mtandio, kisha likaja jingine ambalo adabu ya ukurasa huu hairuhusu kulieleza.

Watatu wakatuma. Binti huyu akasita. Hakuna aliyemtisha, wala hakuna aliyemtukana. Mmoja wao aliandika tu kwamba hawawezi kumwamini mtu ambaye zake hazipo. Ndugu msomaji, litazame neno hilo kwa makini. Picha imegeuzwa kuwa rehani ya urafiki: weka yako ndipo tujue kwamba hutatoa zetu. Mama alipomuuliza baadaye kwa nini alifanya vile, binti hakusema alilazimishwa. Alisema, "Nilikuwa nimebaki mimi peke yangu."

Lililofuata halikuhitaji mtu mwovu. Simu nyingi, zisipowekwa vinginevyo, huhifadhi zenyewe kila picha inayoingia kupitia WhatsApp katika albamu ya simu. Kaka wa rafiki, kijana wa miaka 17, alipofungua albamu yake kutafuta picha ya mpira, akakuta asiyotarajia. Angeweza kuzifuta na kunyamaza. Akazipeleka kwa wenzake wanne, nao kila mmoja akawa na wenzake. Baada ya siku mbili picha zilikuwa katika simu za watu wasiojua hata Malampaka iko wapi, na namba isiyojulikana ikaanza kudai fedha, la sivyo picha zitapelekwa kwa walimu. Hapo ndipo mgeni alipoingia katika kisa hiki. Aliukuta mlango umekwisha funguliwa, na si binti peke yake aliyeufungua.

Wazazi wengi wakisikia habari kama hii husema: mtoto huyu hana akili. Wengine husema hana malezi. Hatuoni kwamba majibu hayo yanatosha, kwa sababu mtoto huyohuyo, akiwa peke yake na mama yake, anajua kwa ufasaha lipi ni aibu na lipi si aibu. Kinachotakiwa kuelezwa ni kwa nini ujuzi huo humtoroka anapokuwa mbele ya wenzake.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watu 306 wa rika tatu: wa miaka 13 hadi 16, wa miaka 18 hadi 22, na wa miaka 24 na kuendelea. Waliwapa mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, ambao ndani yake taa ya njano huwaka na dereva huamua asimame au asonge mbele apate alama zaidi, huku akihatarisha kugonga. Baadhi walicheza peke yao, baadhi wakicheza huku wenzao wawili wakitazama. Walipokuwa na wenzao, watu walithubutu zaidi kuliko walipokuwa peke yao, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa vijana kuliko kwa watu wazima. Kijana, basi, hakukosa kuiona hatari. Mizani yake ndiyo iliyoegemea upande mwingine kwa sababu wenzake walikuwapo.

Sasa fikirini simu imefanya nini. Zamani wenzake walikuwapo njiani na kiwanjani, kisha jua likatua kila mmoja akarudi kwao. Leo wenzake wapo kitandani, saa nne ya usiku, chini ya shuka. Wale wawili waliotazama katika jaribio wamekuwa thelathini, na hawaondoki.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiongozwa na Lauren Sherman, waliwaonesha vijana 32 wa miaka 13 hadi 18 picha zilizopangwa kwa mfano wa mtandao wa Instagram, huku ubongo wao ukichunguzwa kwa mashine. Kila picha ilikuwa na idadi ya alama za kupenda, zile ambazo vijana wetu huziita laiki. Idadi hizo ziliwekwa na watafiti wenyewe. Picha ileile, nusu ya vijana waliiona ikiwa na laiki nyingi, na nusu nyingine wakaiona ikiwa na chache. Vijana waliipenda zaidi picha pale walipodhani kwamba wenzao wameipenda, hata ikiwa ni picha ya sigara au pombe. Zaidi ya hayo, walipotazama picha za mambo ya hatari, sehemu za ubongo zinazohusika na kujizuia zilipungua utendaji wake. Watu hamsini wasiokuwapo kabisa walitosha kumwambia kijana kipi ni kizuri.

Hatuyaleti haya ili kumvua kijana dhima yake. Aliyebaleghe ana hesabu yake mbele ya Mola wake, na hilo halibadilishwi na mashine yoyote. Tunayaleta kwa sababu mzazi anayepigana na tabia ya mwanawe peke yake, bila kulitazama kundi, anapigana na kivuli.

Nchini kwetu, utafiti uliofanywa kwa pamoja na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ukatolewa mwaka 2022, ulikadiria kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti Tanzania walipatwa na unyanyasaji mkubwa wa kingono kwa njia ya mtandao ndani ya mwaka mmoja tu. Kwa hesabu ya idadi ya watu, ni takriban watoto 200,000. Ndani ya hesabu hiyo wamo waliosambaziwa picha zao bila ridhaa na waliotishwa ili watende wasiyoyataka.

Tuseme neno kuhusu wavulana, kwa sababu katika mazungumzo yetu na wazazi hutajwa mwishoni, kama watajwapo. Katika kisa cha Malampaka wasichana wanne waliitwa, wakahojiwa, wawili wakachapwa, na mmoja akazuiwa kwenda shule kwa majuma mawili. Kijana wa miaka 17, ambaye ndiye aliyezitoa picha ndani ya nyumba na kuzitupa barabarani, hakuitwa na mtu yeyote kwa siku nyingi. Baba yake alisema, "Huyu ni mwanamume, yeye kaona tu." Hakuona tu. Naye pia alikuwa na wenzake waliokuwa wakimpima. Vijana wa kiume huombana ushahidi: nani anayo, nani kaona, nani bado mtoto. Aliyenacho cha kuonesha hupanda daraja kwa jioni moja. Mama anayemfunza binti yake kusitiri, huku baba hamfunzi mwanawe kutofunua sitara ya mwingine, wamejenga ukuta wa upande mmoja.

Na hapa sheria ya nchi haicheki na mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeharamisha kusambaza picha za ngono za watoto, na pia unyanyasaji kwa njia ya mtandao. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kijana anayepeleka mbele picha ya msichana wa miaka 15 huku akiweka vikaragosi vya kucheka, anaweza kuwa anatenda kosa zito kuliko anavyodhani. Tukumbuke vilevile kwamba tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole, laini nyingi zilizo mikononi mwa watoto zina majina ya mama na baba zao. Polisi akiuliza namba ni ya nani, jina litakalotokea ni la mzazi.

Kuna hadithi ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua, iliyopokewa na Abu Musa al-Ash'ari, Allah amridhie, na kutolewa na Bukhari na Muslim: mfano wa rafiki mwema kama muuza miski, na rafiki mbaya kama mfua chuma avukutaye moto. Tunaitumia sana kuwaonya watoto wetu wakimbie marafiki wabaya. Lakini ni nadra kumsikia mzazi akijiuliza kama mfua chuma huyo huenda analala chumbani kwake mwenyewe. Katika kundi la wasichana wale wanne, kila mama alipoitwa alisema mwanawe ameharibiwa na wale watatu. Wote wanne walisema hivyo! Ikiwa kila mmoja ameharibiwa na wengine, basi nani aliyeanza kuvukuta moto?

Tena imo ile habari katika Musnad ya Imam Ahmad, iliyopokewa na Abu Umama, ya kijana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akaomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo wakamkemea. Mtume akamwita akaribie, akamketisha, akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi na mama mdogo wake. Kila mara kijana akajibu hapana. Kisha Mtume akamwekea mkono na kumwombea. Tunapenda sana kuisimulia habari hii mimbarini. Nyumbani, binti anapokuja akitetemeka kusema, "Mama, kuna picha yangu," wangapi miongoni mwetu humketisha?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mwenye kudai fedha hutegemea jibu lake. Silaha yake ni hofu ya mtoto kwa mzazi, picha huja baadaye. Anajua kwamba mtoto atatoa fedha, atauza kitu cha nyumbani, au atatuma picha nyingine mbaya zaidi, ilimradi baba asijue. Siku baba anapojua na nyumba ikabaki imesimama, biashara ya mtu huyo imekufa.

Ulimwengu una mfano wa msichana wa Canada, Amanda Todd, aliyefariki mwaka 2012 akiwa na miaka 15. Aliyemtisha kwa picha yake alikuwa mtu mzima wa Uholanzi, ambaye mahakama ya huko Canada ilimtia hatiani mwaka 2022. Lakini binti huyo, katika video aliyoiacha, alieleza pia jinsi wanafunzi wenzake walivyomcheka na kumtenga, akahama shule, na kejeli zikamfuata. Mtu wa ng'ambo alimjeruhi. Wenzake ndio waliokuwa wakiugusa mdomo wa kidonda kila asubuhi. Mzazi ambaye mwanawe hakutuma picha wala hakuidai, bali alicheka tu, naye ana la kuzungumza na mwanawe usiku wa leo.

Turudi Malampaka, kwa sababu mji mdogo una nguvu ambayo Dar es Salaam haina. Wazazi wa wale wasichana wanne wanajuana. Wanaonana sokoni, wanaonana msibani, na waume zao husimama safu moja msikitini. Walichokosa ni kuzungumza kabla. Tunapendekeza jambo moja ambalo halina gharama: wazazi wa marafiki wakutane, hata kama ni watatu au wanne barazani baada ya alasiri, wakubaliane kanuni moja kwa watoto wote. Simu zote zilale chumbani kwa wazazi kuanzia baada ya isha. Mtoto asiye na simu asiazime ya mwingine bila mama wa nyumba ile kujua. Mzazi akikuta jambo katika simu ya mwanawe linalomhusu mtoto wa mwenzake, amwendee mwenzake, asiende kwa jirani.

Faida ya kanuni moja ni kwamba inampa mtoto mlango wa kutokea. Mtoto mmoja akikatazwa peke yake, kwa wenzake yeye ni mshamba. Wote wanne wakikatazwa, hakuna mshamba. Na mtoto anayeshinikizwa anahitaji neno la kusema ambalo halimshushi mbele ya wenzake. "Mama anakagua simu kila usiku" ni neno zuri, mradi liwe kweli. Mwache mwanao akutupie wewe lawama. Bega la mzazi lina nafasi ya kuzibeba.

Ukaguzi nao una adabu zake. Tumekatazwa kupelelezana, na kumpekua mtoto kwa siri akiwa amelala humfundisha kuficha vizuri zaidi. Mwambie tangu siku unayompa simu kwamba utaitazama, na uitazame akiwapo. Na unapoitazama, acha kutafuta majina ya wanaume peke yake, kama wengi wafanyavyo. Soma kundi la marafiki zake. Tazama nani hutoa maagizo, nani hucheka kwanza, nani hunyamaza. Huenda mwanao ndiye mtoa maagizo.

Ikiwa picha imekwisha kutoka, mambo machache yafanyike upesi. Usilipe. Anayelipwa mara moja hurudi. Usimjibu tena, lakini usifute ujumbe wake. Hifadhi namba, tarehe na maneno aliyoyaandika, maana hayo ndiyo ushahidi. Picha yenyewe usimpelekee mtu yeyote, hata shangazi, hata kwa nia ya kuomba ushauri, kwani kila unapoipeleka unaongeza mkono mmoja uliyoishika. Piga simu namba 116, ambayo ni ya huduma ya simu kwa mtoto na haitozwi fedha. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Maofisa wa hapo wamewekwa kwa mambo ya aina hii, na mama ana haki ya kuomba azungumze nao faraghani.

Ipo pia huduma iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kwa ajili ya picha za walio chini ya miaka 18. Picha haitumwi popote. Simu hutengeneza alama maalumu ya picha hiyo, mfano wa alama ya kidole, na mitandao iliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, huitumia kuitambua na kuiondoa. Haiwezi kuingia ndani ya makundi yaliyofungwa kwa siri. Huko hakuna dawa isipokuwa watu wenyewe kufuta, na ndiyo maana mazungumzo na wazazi wa kijana wa miaka 17 na wenzake wanne yalipaswa kufanyika siku ya kwanza, si baada ya majuma mawili.

Yalifanyika hatimaye. Imamu aliwaita akina baba watano baada ya swala ya isha, bila kutaja jina la msichana yeyote mbele yao. Kila mmoja aliondoka na kazi ya kuketi na mwanawe, kufuta picha mbele ya macho yake, na kumwagiza ampigie kila aliyemtumia amtake afute naye. Vijana watatu walifanya hivyo usiku uleule. Wa nne alisema hakumbuki alimtumia nani. Baba wa tano hajarudi kutoa jibu hadi tunapoandika haya, na mama wa binti bado anamsubiri.